ECO, PWR, S, B: vitufe vya gari lako na mafuta unayochoma kila siku

Gari langu la kwanza kutoka Japani lilikuwa na taa ndogo ya kijani iliyoandikwa ECO. Kwa miezi kadhaa niliamini nimepata gari lililofungwa kwenye modi ya kubana mafuta, na abiria mgeni akipanda nilimwonyesha kabla hajauliza. Kilichonikera ni kwamba nikitoka Ubungo kupandisha Kimara, taa inazima. Nikampelekea fundi umeme nikidhani kuna waya umelegea. Tukatoka naye barabarani, yeye kwenye usukani. Akakanyaga mafuta polepole, taa ikawaka. Akakanyaga kwa nguvu, ikazima. Akarudia mara tatu, kisha akaniambia: "Kaka, hii taa haifanyi kazi yoyote. Inakuchongea tu."

Nimeandika mwongozo huu nikimfikiria mtu mwenye gari la otomatiki lililotumika Japani, analoendesha kila siku kwenda kazini na mara mojamoja kwenda mkoani. Kama gari lako ni la gia za mkono, ruka hatua ya kwanza. Zilizobaki nyingi zitakufaa.

Hatua ya 1: Tenganisha taa na kitufe

Kaa kwenye gari limesimama, washa swichi, uangalie vitu viwili: dashibodi, na eneo la kuzunguka gia na usukani. Unatafuta kitufe unachoweza kukibonyeza. Kwenye Toyota nyingi kimeandikwa ECO MODE, kwenye Honda ni ECON ya kijani. Ukikibonyeza, kuna alama itawaka kwenye dashibodi na kubaki hapo hata ukiendesha kama unakimbizwa. Hiyo ndiyo modi. Kama huna kitufe lakini una neno ECO linalowaka na kuzima lenyewe, unaye shahidi, huna modi. Vitz, Premio na Allion nyingi ziko hivyo. Shahidi si mbaya, tutamtumia baadaye.

Halafu soma rungu la gia. D unaijua. Kwenye gari la CVT, yaani giaboksi isiyo na gia za hatua, huenda chini ya D ukakuta S na B, au S na L. Gari la zamani kidogo lenye gia nne litakuwa na 2 na L, pamoja na kidude cha kubonyeza kwa dole gumba ubavuni mwa rungu, kinachoandikwa O/D (overdrive, yaani gia ya mwisho). Magari makubwa kidogo, mfano Crown, huwa na PWR (nguvu) na SNOW (theluji). Subaru Forester yenye SI-Drive, mfumo wa Subaru wa kuchagua modi, ina I, S na S# kwenye usukani, kutoka ya upole hadi ya ukali. Kama una Aqua au Prius, kuna EV MODE pia, ya kwenda kwa umeme peke yake.

Kitabu cha gari, kama wauzaji hawakukitupa, kiko kwenye droo ya mbele na kimeandikwa Kijapani kitupu. Fungua kurasa zenye picha ya rungu la gia na dashibodi, umulike kwa simu yenye programu ya kutafsiri. Tafsiri itakuwa ya vichekesho lakini utapata unachotaka.

Hatua ya 2: Elewa kitufe kinagusa nini

Hapa ndipo wengi tunapotapeliwa na matumaini. Magari ya zamani yalikuwa na waya halisi kutoka kwenye pedali hadi kwenye mlango wa hewa wa injini: ukikanyaga nusu, mlango unafunguka nusu. Magari ya sasa hayana waya huo. Mguu wako unatuma ombi kwenye kompyuta, na kompyuta inaamua mlango ufunguke kiasi gani. Modi za uendeshaji zinabadilisha tu jinsi kompyuta inavyokutafsiri.

Ukiweka ECO, ukikanyaga nusu, kompyuta inafungua kidogo kuliko nusu. Gia zinapanda mapema ili injini izunguke taratibu. Kwenye magari mengi, hasa Toyota na Honda, kiyoyozi nacho kinapunguzwa nguvu. Basi. Hakuna tone linaloongezwa kwenye tenki, na injini ni ileile. Ukiweka PWR au S, kinyume chake: ukigusa kidogo, mlango unafunguka sana, na gia zinachelewa kupanda.

Maana yake ni hii. Ukiweka ECO, ukaona gari zito, ukaanza kukanyaga zaidi ili liende vilevile kama zamani, umefuta kila kitu. Kompyuta inapunguza, mguu unaongeza, mnarudi palepale. Ninawajua watu wanaosema "ECO haisaidii kitu, nimejaribu," na ukipanda nao unaona kisigino chao kinavyofanya kazi.

Kwa nini mizunguko ya chini inabana mafuta? Injini ya petroli ikizunguka kwa kasi huku umegusa pedali kidogo tu, inavuta hewa kupitia mlango uliobanwa, kama mtu anayenyonya juisi nzito kwa mrija mwembamba. Nguvu nyingi inaishia kwenye kunyonya na kwenye msuguano wa vyuma, kabla haijafika kwenye tairi. Mwendo uleule ukienda kwa gia ya juu, mizunguko midogo na mlango wazi zaidi, kazi hiyo ya bure inapungua. Kwa hiyo mshale wa mizunguko, ule wenye namba 1 hadi 8, unakwambia mengi kuliko taa ya kijani.

Hatua ya 3: Pima kabla hujabonyeza chochote

Usianze na modi, anza na hesabu. Nenda sheli moja unayoiamini, simama kwenye pampu moja, sehemu tambarare, jaza full tenki mpaka mkono wa pampu ujikate wenyewe. Ukishajikata, mwambie mhudumu asiongezee "ili ifike elfu kamili". Tabia hiyo ya kukamilisha elfu ndiyo inayoharibu vipimo vya watu wengi. Rudisha Trip A, kihesabu cha kilomita za safari, kwenye sifuri. Endesha kama kawaida yako angalau kilomita 300, rudi sheli ileile, pampu ileile, jaza mpaka ijikate. Gawa kilomita kwa lita zilizoingia.

Tuseme umetembea kilomita 336 na zimeingia lita 28. Hiyo ni kilomita 12 kwa lita. Iandike kwenye simu pamoja na tarehe.

Namba inayoonekana kwenye dashibodi ni ya kukadiria, nayo mara nyingi inakupendelea. Na ile namba ya kiwandani ya Kijapani inayosema kilomita 20 na ushee kwa lita, usiipeleke mahakamani. Kipimo cha zamani cha Kijapani kiitwacho 10-15, na JC08 kilichofuata, kilifanyika gari likiwa juu ya magurudumu ya maabara, kiyoyozi kimezimwa, na kwenye 10-15 mwendo wa juu kabisa ulikuwa kilomita 70 kwa saa. Hakuna joto la Dar es Salaam la mwezi Februari, hakuna matuta, hakuna bodaboda inayokukatia mbele.

Jambo moja la hesabu ambalo wengi hatulioni: anayefaidika zaidi na mabadiliko madogo ni mwenye gari linalokula sana. Kwa kilomita 1,000 za mwezi, anayetoka 8 kwenda 9 kwa lita anaokoa karibu lita 14. Anayetoka 15 kwenda 16 anaokoa lita 4 tu na kidogo. Zidisha kwa bei ya mwezi huu ambayo EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta Tanzania, huitangaza Jumatano ya kwanza, halafu uamue kama inafaa kujisumbua.

Hatua ya 4: Mjini weka ECO, na jifunze kuondoka

ECO ilitengenezwa kwa ajili ya mjini. Kwenye foleni ya Morogoro Road au Mandela, gari linaondoka, linasimama, linaondoka, linasimama. Kila kuondoka ni mafuta, na kila breki ni kuyatupa yale uliyokwisha kuyachoma. Pedali iliyolainishwa inakuzuia kuruka mbele mita kumi ili ukafunge breki nyuma ya daladala.

Fanya hivi. Taa ikiruhusu, achia breki uache gari litambae lenyewe kwa sekunde moja, kisha kanyaga polepole. Lenga mshale wa mizunguko ubaki karibu na 2. Hapa ndipo shahidi wa kijani anapokuwa na faida: endesha huku ukijaribu asizime, wiki moja, kama mchezo. Utajua mwenyewe mguu wako ulikuwa ukifanya nini. Lakini usigeuke kero. Ukiondoka kama maiti kwenye mataa watu wa nyuma watakupigia honi, na wana haki.

Kinacholipa zaidi ya kuondoka polepole ni kutosimama kabisa. Angalia mbele, magari matatu au manne. Ukiona taa za breki kule, achia mafuta sasa, wacha gari lijipunguze. Injini zenye nozeli za umeme zinakata mafuta kabisa ukiachia pedali gari likiwa kwenye D na mwendo bado upo. Hupewa mafuta tena mizunguko ikikaribia ya kusimama. Yaani zile mita mia unazotiririka kuelekea kwenye taa nyekundu ni za bure.

Na hapa nivunje imani moja ya zamani: kuweka free (N) ukiteremka. Gari likiwa free, injini haisukumwi tena na tairi, kwa hiyo inabidi inyweshwe mafuta ili isizime. Kwenye D bila kukanyaga, haipewi kitu. Free inakula zaidi, na juu ya hapo umejinyima uwezo wa injini kukushikia gari. Desturi hiyo ilitoka kwenye magari ya kabureta, ikabaki midomoni mwetu baada ya kabureta zenyewe kuondoka.

Gari likiwa limesimama kabisa, hakuna modi inayokuokoa. Injini ndogo iliyowaka bila kwenda hunywa kama nusu lita hadi lita nzima kwa saa, na kiyoyozi kinaipeleka juu. Baadhi ya magari yana mfumo wa kuzima injini yenyewe kwenye mataa. Alama yake ni herufi A iliyozungukwa na mshale. Kwenye Mazda huitwa i-stop. Mfumo huu unahitaji betri yake maalum. Ukiona haufanyi kazi, mara nyingi ni kwa sababu betri ya Kijapani ilikufa, mtu akafunga ya kawaida iliyo nafuu. Kama unasubiri mtoto shuleni dakika kumi, zima kwa mkono, huhitaji kompyuta kwa hilo.

Hatua ya 5: Njia kuu, mwendo unaitawala modi

Ukishapita Kibaha na barabara ikafunguka, faida ya ECO inapungua. Ukiwa kwenye mwendo mmoja, gari liko gia ya juu kwenye modi yoyote ya kawaida, na adui wako sasa ni upepo. Nguvu ya upepo inapanda kwa mraba wa mwendo: kutoka 80 hadi 110 kwa saa, ukinzani wake unakaribia mara mbili. Hakuna kitufe kinachoshindana na hilo. Anayeweka ECO na kwenda 130 anafurahisha taa tu.

Kwa hiyo chagua mwendo kwanza. Ukikaa 80 hadi 90 utaona kwenye hesabu za Trip, na vile vibao vya 50 vijijini, pamoja na askari wenye tochi, vinakusaidia kuliko unavyokiri.

Kosa kubwa la njia kuu ni moja, na ni la bahati mbaya. Kidude cha O/D kikibonyezwa, taa ya O/D OFF inawaka kwenye dashibodi na gia ya mwisho imefungwa. Gari linaenda, lakini mizunguko iko juu safari nzima. Mtu anaweza kufika Dodoma akilalamika gari linakula mafuta, kumbe dole gumba liligusa kidude pale Mbezi. Taa ya O/D OFF ikiwaka barabara tambarare, bonyeza kidude tena izime. Na walio na rungu lililoteleza hadi S bila kujua, ni hadithi ileile. SNOW nayo huondoka kwa gia ya pili ili tairi zisiteleze. Kwetu inafaa kwenye tope, ukifika lami itoe.

Wenye gari la kuchagua 2H (tairi mbili zinavuta) na 4H (zote nne), kama Jimny au Hilux, lami ni 2H. Kuburuta ekseli ya mbele bure ni mafuta, na kwenye kona ya lami kavu vyuma vinabanana.

Unapotaka kulipita lori, usiogope ECO. Kwenye magari mengi ukikanyaga mpaka chini kabisa, kompyuta inakupa nguvu yote bila kujali modi. Tatizo ni ile sekunde ya kusubiri. Kama barabara ina kona na malori yamefuatana, toa ECO kabla hujaanza kupita. Mafuta unayookoa kwenye kupita gari moja hayafai kulinganishwa na lori linalokuja mbele yako.

Hatua ya 6: Mlima, hapa ECO inakaa pembeni

Kitonga, kabla ya kufika Iringa, ni darasa zuri. Ukipanda na ECO, kompyuta inang'ang'ania gia ya juu, gari linachoka, unakanyaga zaidi, linashusha gia ghafla, mizunguko inaruka hadi 4, unaachia, linapandisha tena. Kupanda na kushuka huko kwa gia kunakula mafuta na kunachosha giaboksi. Weka modi ya kawaida, au zima O/D, au S kama ni CVT, upande kwa mguu uliotulia. Utashangaa PWR kwenye kilima kirefu na gari lililojaa inaweza isikugharimu zaidi ya ECO inayopigana na wewe.

Kuteremka, shusha gia: S, B, L au 2 kulingana na rungu lako, na mwendo ukiwa umeshapungua kabla ya kuingia mteremkoni. Mizunguko itapanda, injini itanguruma, abiria atakuuliza kama unaharibu gari. Mwambie ule mngurumo hauna mafuta ndani yake. Ni tairi zinazoisukuma injini. Breki zako zitabaki za baridi mpaka chini.

Hatua ya 7: Kama ni hybrid, sahau nusu ya uliyosoma

Aqua na Prius zina mantiki nyingine. Foleni inayowaumiza wengine, wao inawafaa, kwa sababu injini huzima na mota ya umeme inasogeza gari. Mambo matatu tu.

ECO iwekwe muda wote mjini, kwani inamsaidia mguu kubaki kwenye sehemu ambayo mota peke yake inatosha. EV MODE ni ya kutoka getini alfajiri bila kuamsha majirani; usiitumie ukidhani unaendesha bure, maana chaji uliyoimaliza injini itairudisha kwa petroli baadaye. Na B siyo gia ya mjini. Wengi husikia kwamba B inachaji betri zaidi, wakaendesha nayo wiki nzima. B inaitumia injini kama breki, hivyo sehemu ya nguvu ambayo ingerudi kwenye betri inaishia kuzungusha injini. Ni ya mteremko mrefu, betri ikishajaa.

Safisha pia tundu la hewa la betri kubwa lililo karibu na kiti cha nyuma. Vumbi na mkoba wa shule vikiliziba, betri inapata joto na mfumo wote unapoteza nguvu.

Hatua ya 8: Sasa linganisha

Kabla ya kubonyeza ECO kwa kipimo rasmi, weka upepo wa tairi sawa na kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva, tairi zikiwa za baridi. Usipofanya hivyo utakuwa unapima tairi. Kagua chujio la hewa. Vidude vinavyouzwa vya kuchomeka kwenye soketi ya sigara, ambavyo mwenye duka anaapa vinapunguza mafuta, viache dukani. Vinachowasha ni taa yao wenyewe.

Sasa endesha tenki moja kwa ECO, njia zilezile, saa zilezile. Tenki inayofuata, modi ya kawaida. Kisha ECO tena, kawaida tena. Tenki moja moja haitoshi, kwa sababu wiki yenye mvua na foleni ya kufa mtu itaishinda modi yoyote. Tofauti ikiwa chini ya nusu kilomita kwa lita, ihesabu kuwa ni kelele za pampu na foleni. Ikizidi kilomita moja na ikarudia, umepata kitu cha kweli.

Safu za kuandika ni tarehe, kilomita za Trip, lita, modi, na njia. Kama gari mnaliendesha wawili nyumbani, ongeza safu ya jina la dereva. Kwetu hiyo ndiyo safu iliyoleta mjadala mrefu kuliko ya modi, na mpaka leo mke wangu anasema tenki yake ya mwezi ule ilikuwa na foleni ya mvua.